"Nitakuja" mia tatu, viti vitupu: kuitisha vikao vya kundi la kompyuta Dar es Salaam

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni katibu wa kundi la watumiaji wa kompyuta hapa Sinza, wote tunajitolea. Kikao chetu cha kwanza mwaka jana walikuja watu kama 60, wengine wakasimama mlangoni. Mwezi uliopita tulikuwa 7, na 4 kati yao ni kamati. Kundi letu la WhatsApp lina watu zaidi ya 300, na kila tukitangaza wanajibu "nitakuja" na kuweka dole gumba. Tumebadilisha siku, tumebadilisha ukumbi, tumechapisha bango la rangi, bado. Tutangaze vipi ili watu waje?

Jibu: Marahaba, katibu. Umeniuliza habari ya matangazo, lakini ugonjwa wenyewe umeuandika katikati ya barua yako ukaupita: "tumebadilisha siku, tumebadilisha ukumbi." Hapo ndipo mlipowapoteza watu.

Nimeendesha vikao vya namna hii tangu enzi za kupanga foleni kwenye intaneti kafe, na kosa hilo nimelifanya mara nyingi kuliko wewe. Mahudhurio yakishuka, kamati inakaa. Mmoja anasema labda Jumapili ingefaa, mwingine anasema kuna ukumbi mzuri Mikocheni. Mnahama. Yule aliyekosa mwezi uliopita kwa sababu ya msiba anakuja mwezi huu mahali pa zamani, anakuta geti lina kufuli. Huyo harudi. Wala hatakwambia kwamba alikuja. Ataendelea kukuandikia "nitakuja" kwa adabu tu, maana kwetu kumkatalia mtu mwaliko wake hadharani ni kukosa heshima. Kwa hiyo zile "nitakuja" usizihesabu. Ni salamu.

Mji huu haujachoka vikao. Angalia kamati za harusi: watu haohao wasiokuja kwenye kikao chako cha bure wanahudhuria vikao sita vya harusi ya mtoto wa jirani, wanatoa ahadi, wanaimaliza, wengine kwa kukopa. Kwa nini? Kamati ya harusi ina siku inayojulikana na mahali palepale. Ina mweka hazina anayesoma hesabu kila wanapokutana, na ina shangazi mmoja ambaye kazi yake ni kupiga simu. Zaidi ya hayo ina tarehe ambayo kila mtu anaiona inakaribia. Ninyi hamna harusi mwishoni, na hiyo ndiyo tofauti. Inabidi kila kikao kiwe na harusi yake ndogo: jambo moja linaloanza na kuisha siku hiyohiyo, mtu akaondoka nalo mkononi.

Basi tuanze na siku. Chagueni moja mkae nayo mwaka mzima, hata ikiuma. Mimi ningechukua Jumamosi ya pili ya mwezi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba kasoro. Jumamosi ya mwisho iacheni, ni siku ya usafi. Asubuhi watu wameshika mafagio na maduka yanachelewa kufunguliwa. Jumamosi ya kwanza mshahara bado una joto, watu wako Kariakoo. Mchana wa Jumamosi yoyote ni wa kicheni pati, sendofu na harusi zenyewe, na hapo hamtashinda. Ikiwa Simba na Yanga wanacheza, mechi kwa kawaida huwa jioni, kwa hiyo kikao cha asubuhi kinapona, ila malizeni kwa wakati maana nusu ya ukumbi itakuwa inaangalia simu. Ndugu zetu Wasabato mtawakosa kwa mpango huu, na ni vizuri kulisema wazi kuliko kujifanya hamlijui. Sisi tulikuwa na kikao cha ziada Jumapili mchana kila baada ya miezi mitatu, kidogo tu, na walikuja. Ramadhani asubuhi haina shida. Ondoeni vitafunwa mezani na msirefushe muda.

Ikifika Aprili, masika yakikolea, Mto Msimbazi unaweza kufurika pale Jangwani hadi Barabara ya Morogoro ikafungwa, na mji ukakatika vipande viwili. Hata hapo kikao msikifute. Wale wa karibu wakifika watano, fanyeni na watano. Ukifuta, wale watano nao wanajifunza kwamba siku yenu ina "kama", na mwezi unaofuata watapiga simu kwanza kuuliza, na anayeuliza kwanza yuko nusu njia ya kubaki nyumbani.

Saa iandikwe mara mbili: saa 4 asubuhi, na pembeni 10:00. Usicheke. Kuna mwaka kijana wetu alimwandikia mtoa mada mmoja mgeni, na "saa 4" yetu akaiacha ikiwa 4 vilevile. Yule bwana alifika saa kumi jioni, projekta kwapani, akamkuta mlinzi anamwagilia maua. Kalenda ya simu haijui saa zetu, na vijana siku hizi wanaamini kalenda ya simu kuliko mama zao.

Ukumbi nao uwe hatua chache kutoka kituo ambacho kila konda anakitaja. Mtu wa Gongo la Mboto au Kigamboni ameshapanda magari mawili. Ukimwongezea bajaji ya kuingia ndani mitaani, hesabu yake imevunjika. Ninyi bahati yenu njema, Sinza iko katikati ya Ubungo, Mwenge na Makumbusho, na anayetumia mwendokasi anaweza kushuka Morocco au Ubungo akaunganisha daladala. Chaguo langu la kwanza ni maabara ya kompyuta ya shule ya sekondari: Jumamosi iko wazi, viti na soketi zipo, na mwalimu wa kompyuta anapata wasaidizi bila kuwalipa. La pili ni ukumbi wa serikali ya mtaa kama upo, na faida yake ni kwamba mwenyekiti wa mtaa anawafahamu tangu mwanzo na hakuna atakayekuja kuuliza ninyi ni akina nani. Baa waachieni kamati ya harusi. Ukumbi ni bure kweli ukinunua soda, lakini binti wa kidato cha nne na mzee anayetoka msikitini hawatabeba laptopu zao kwenda huko, na hao ndio mnaowataka. Jengo kubwa kama la COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Kijitonyama lifikirieni kwa siku moja kubwa ya mwaka. Kwa kila mwezi tafuteni padogo ambapo mlinzi anawajua kwa majina.

Halafu pelekeni ekstensheni zenu. Ukumbi wa viti hamsini una soketi mbili, moja haifanyi kazi. Na umeme unaweza kukatika saa nne na robo, kwa hiyo tangazo liseme watu waje chaji imejaa, na mtoa mada awe na la kusema bila projekta. Vikao viwili vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuongoza vilikuwa vya gizagiza, watu wamezunguka laptopu moja kama wanaota moto.

Sasa swali ambalo hukuniuliza: kwa nini mtu aje kabisa? Sisi wazee hatukuhitaji kulijibu. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza, marufuku iliyokuja kulegezwa baadaye, kwa hiyo kizazi changu kilijifunza kwa kuazimana na kuchungulia begani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisi zikiongea Kiswahili, nakala yangu niliipata kwa CD mkononi mwa mtu. Kabla mkongo wa SEACOM, ule waya wa intaneti wa chini ya bahari, haujafika hapa mwaka 2009, kushusha programu moja kubwa ilikuwa kazi ya usiku kucha, na mwenye CD alikuwa mfalme. Watu walikuja kikaoni kunakili CD, basi. Leo CD hiyo ni video kwenye bando la mtu akiwa kitandani. Hata kwa wenzetu ilikuwa hivyohivyo: Boston Computer Society ya Marekani ilianzishwa mwaka 1977, mmoja wa waanzilishi wake akiwa mvulana wa miaka 13, ikafika wanachama zaidi ya 30,000, na mwaka 1996 ikafunga milango.

Kwa hiyo ukitangaza "mada: utangulizi wa kompyuta, mtoa mada ana uzoefu wa miaka kumi", unashindana na video, na video haina nauli. Kilichobaki ambacho simu haiwezi kumpa mtu ni mkono wa mwenzake juu ya mashine yake yeye. Laptopu *yake* inayochemka, faili *lake* la Excel la kikoba ambalo jumla haikubali. Kikao chote kijengwe hapo.

Homebrew Computer Club ya California wote wanaitaja kwa sababu Steve Wozniak wa Apple alikuwa anahudhuria. Ilikutana mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1975 kwenye gereji huko Menlo Park, kuishangaa kompyuta ya Altair 8800 iliyokuwa ikiuzwa vipandevipande ujiunganishie mwenyewe. Mimi naipenda kwa utaratibu wake. Lee Felsenstein, aliyekuja kuwa mwongozaji wa vikao, alivigawa sehemu mbili. Kwanza mtu anasimama, anasema kwa kifupi ana nini au anatafuta nini. Zikiisha, mwongozaji anafunga na watu wanamwagika ukumbini, kila mmoja akimfuata aliyesema jambo linalomgusa. Haina gharama, na inakwenda na sisi vizuri ajabu, maana Mswahili anajua kusimama akasema shida yake pale anapoona haogopeshwi. "Nina chaja ya Dell ya ziada." "Natafuta mtu wa kunionyesha kuhamisha namba za simu kwenye kompyuta." "Nina laptopu, nikiiwasha inalia kama mbuzi." Dakika ishirini hizo, ukumbi umeshajua nani akae na nani.

Hizo dakika ishirini zichukue mahali pa utambulisho. Unajua ninachosema. Watu thelathini, kila mmoja jina lake, anapotoka, anamshukuru Mungu kwa siku ya leo, anamshukuru mwenyekiti, itifaki imezingatiwa. Saa tano na nusu hiyo na hakuna kompyuta iliyofunguliwa. Na mgeni rasmi, katibu, nakuomba. Tuliwahi kumwalika mkubwa mmoja, tukamsubiri saa moja na dakika arobaini. Alipofika alihutubia vizuri, akapiga picha, akaondoka na nusu ya watu waliokuwa wakimsubiri yeye tu. Tangu siku hiyo kundi langu halikuwa na meza kuu. Anayetaka kuja, mkubwa au mdogo, anakaa kwenye duara na anasema alicho nacho na anachotafuta.

Posho ni jambo lingine linaloua makundi ya kujitolea kimyakimya, kwa sababu tunaona haya kulitaja. Watu wamezoeshwa na semina: bahasha, nauli, chakula cha mchana. Kile kikao chenu cha kwanza chenye watu 60, sitashangaa ikiwa ishirini walikuja kuangalia kama kuna bahasha. Si wabaya, hakuna aliyewaambia. Andikeni kwenye kila tangazo, bila kuomba radhi: hakuna posho, hakuna kiingilio. Watapungua mwezi wa kwanza. Wale watakaobaki ndio idadi yenu halisi, na mkishaijua mnaweza kuikuza.

Mada gani? Sikilizeni mtaani. Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa hapa mjini haziwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Hilo pekee ni vikao vitatu: jinsi ya kujua kama mashine yako inakubali, jinsi ya kuhifadhi mafaili yako kabla hujagusa chochote, na jinsi ya kuiwekea ile isiyokubali Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, ili iendelee kufanya kazi. Mwezi mwingine wasaidieni watu kuomba kazi za serikali kwenye mfumo wa mtandaoni wa Ajira Portal, kuanzia kuskani vyeti hadi kupunguza ukubwa wa faili linalokataliwa. Mwezi mwingine, kusajili jina la biashara BRELA mtandaoni. Mama anayeuza vitenge ambaye hajawahi kujiita mtumiaji wa kompyuta atakuja kwa hilo, na atakuja na dada yake.

Nimechelewa kufika kwenye tangazo, lakini sasa utaona ni jepesi. Ukiwa na siku isiyohama, mahali pasipohama na jambo moja la kuondoka nalo, maneno yanajiandika:

"Laptopu yako nzito? Ilete Jumamosi tar. 14, saa 4 asubuhi (10:00), ukumbi wa mtaa, shuka Sinza Mori. Tutaisafisha pamoja. Bure, posho hakuna. Njoo na chaja."

Hesabu herufi pamoja na nafasi: 156. SMS moja inabeba 160, na Kiswahili chetu hakina alama za ajabu juu ya herufi, kwa hiyo inaingia yote. Lakini weka emoji moja tu, ua au moto, na mtambo unabadilisha namna ya kuandika. Kikomo kinashuka hadi 70, na ujumbe huohuo unakatwa vipande vitatu. Kama mnanunua SMS za jumla, ua hilo limewatoza mara tatu. Jina la kundi sikuliweka mwanzoni kwa makusudi. Mtu anasoma mstari wa kwanza kwenye kioo cha simu akiwa amening'inia kwenye daladala. Akisoma "Uongozi wa kundi unapenda kuwatangazia wanachama wote kwamba" keshaipita. Shida yake itangulie, ninyi mfuate.

Kwenye WhatsApp, kundi lenu la watu 300 ni soko. Tangazo likiwekwa saa mbili usiku, saa tatu limezikwa chini ya maombi, vichekesho na matangazo ya viwanja vya Kibaha. Fungueni kundi la pili la matangazo tu, ambamo viongozi peke yao wanaandika, na humo msiweke zaidi ya ujumbe minne kwa mwezi. Ile orodha ya kutuma kwa wengi kwa pamoja inabeba hadi watu 256, lakini ujumbe unawafikia waliohifadhi namba yako tu, jambo ambalo wengi hawalijui, wanadhani wametangaza kumbe wamejisemea. Ratiba yangu ilikuwa hivi: siku ya kikao chenyewe kabla watu hawajatoka tunataja tarehe na mada ya mwezi ujao, Jumapili inayofuata picha moja na mistari mitatu ya yaliyofanyika, Jumatano kabla ya kikao ukumbusho, Ijumaa jioni ukumbusho wa mwisho na jina la kituo cha kushukia. Ile ya Jumapili usiidharau. Picha ya mzee ameshika laptopu yake iliyofufuka inafanya kazi kuliko bango la rangi. Muulizeni kwanza kama anakubali picha iende.

Kisha simu. Najua ni vocha na ni muda, ila hapa ndipo shangazi wa kamati ya harusi anapotushinda. Mkiwa saba, kila mmoja apige simu mbili Alhamisi, na asiseme "usikose kikao". Aseme, "Ile laptopu yako uliyoilalamikia, Jumamosi kuna mtu anaijua, uje nayo." Watu kumi na wanne walioitwa kwa jina na kwa shida zao wana thamani kuliko mia tatu waliotumiwa bango.

Karatasi bado ina nguvu, mradi ikae panapohusika: steshenari zinazopiga kopi na kuchapa barua, kwa mafundi wa laptopu, ubao wa matangazo wa shule, ofisi ya mtaa. Fundi asiwaogope, mwambieni mapema kwamba mashine zinazohitaji kioo kipya au kibodi mtampelekea yeye. Chini ya karatasi kateni vishikizo vyenye namba ya simu mtu achane aondoke nacho. Redio ikiwapa dakika tano kwenye kipindi cha vijana, nendeni, ila mseme siku yenu ya kudumu, "Jumamosi ya pili ya kila mwezi", maana anayesikia leo hana kalamu.

Kuna mambo mawili ya mlangoni na mezani ambayo yakiharibika hakuna tangazo litakaloyafunika. La kwanza ni mashine za watu. Mwenye kompyuta ndiye anayekaa kwenye kibodi, mtu wa kujitolea anaonyesha kwa kidole. Hakuna kufuta wala kufunga mfumo mpya kabla mafaili hayajahifadhiwa kwenye diski nyingine na mwenyewe akayafungua akaona yapo. Laptopu ya ofisi ya mtu haiguswi bila ruhusa ya ofisi. Flashi zote zipite kwanza kwenye mashine moja mliyoiteua kukagua virusi, la sivyo kikao chenu kitakuwa mnada wa virusi, kila mtu akirudi nyumbani na cha mwenzake.

La pili ni daftari la mahudhurio. Sisi tulikuwa tunaliacha wazi mezani, majina na namba za simu. Baada ya muda dada watatu wakaacha kuja. Tulidhani wamechoka, kumbe kuna mwanamume alikuwa anapiga picha ukurasa na kuwaandikia usiku. Niliona aibu ambayo hadi leo sijaimaliza. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, heshima ingetosha. Mtu mmoja aandike mwenyewe, daftari liwe mikononi mwake, juu ya ukurasa paandikwe namba inachukuliwa kwa ajili ya kukumbusha vikao tu, na asiyetaka kutoa asilazimishwe. Wekeni dada mmoja wa kamati ambaye wanawake wanajua wanaweza kumwambia likitokea lolote, na mwanamume wa namna hiyo mkimpata mwondoeni hadharani.

Fedha iwe ndogo na ionekane. Msikusanye kwenye namba ya mtu mmoja bila taarifa. Kila mwisho wa mwezi mweka hazina aandike kwenye kundi yaliyoingia, yaliyotoka, salio, hata kama salio ni shilingi elfu tatu. Mkitaka akaunti ya benki kwa jina la kundi mtahitaji usajili, na vyama vya aina yenu husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Anzeni kuulizia taratibu zake sasa, lakini msiruhusu mjadala wa katiba uingie kwenye Jumamosi ya pili. Katiba ijadiliwe siku nyingine, na wanaoipenda.

Na wewe, katibu. Barua yako inaonyesha ndiye unayeandika matangazo, unayetafuta ukumbi, na nadhani ndiye unayebeba ekstensheni. Ukiugua malaria kundi limekwisha. Gawa: mmoja ufunguo wa ukumbi, mmoja ujumbe wa Jumatano na Ijumaa, mmoja mlangoni, mmoja kuongoza zile dakika ishirini, na kila baada ya miezi mitatu mbadilishane. Mlangoni weka mcheshi kuliko wote, hata kama hajui kompyuta. Mgeni wa mara ya kwanza akiingia, mtu amfuate kabla hajafika kwenye kiti, amuulize amekuja na shida gani, amkalishe na anayeiweza. Akikaa peke yake dakika kumi nyuma ya ukumbi, kwake hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya mwisho.

Kwa kikao kijacho usitafute sitini. Rudini ule ukumbi wa kwanza kama bado unapatikana, tangazeni mada moja, pigeni zile simu kumi na nne. Siwezi kukuahidi zaidi ya watu tisa au kumi wasio wa kamati. Fika saa tatu, toa viti kumi na tano uvipange duara, vingine vyote uvirudishe stoo kabla mtu wa kwanza hajaingia.